Kabla Hujaketi, Nikuambie Aibu Zake



Wasomaji wapenzi, kwa miaka ishirini nyumba yetu ilikuwa na gari moja tu. Lilikuwa Toyota Corolla, la umbo lile ambalo Pwani nzima hulijua kwa nambari yake, 110. Lilitengenezwa Japani mwaka 1998, likashuka Kilindini mwaka 2005 likiwa limekwisha kutumiwa na wenyewe huko, nasi tukalinunua mimba ya mwanangu wa kwanza ikiwa na miezi saba. Ndilo lililonipeleka kujifungua, mara tatu. Ndilo lililobeba sufuria za biriani za harusi za jamaa na majirani, likanuka zafarani na vitunguu vya kukaanga wiki nzima baadaye. Ndilo lililompeleka bavyaa wangu hospitali siku ya mwisho ya uhai wake, Mwenyezi Mungu amrehemu, na ndilo lililoturudisha nyumbani bila yeye. Chombo kikikaa na watu muda wote huo huwa kama mmoja wa jamaa. Na jamaa akizeeka, hakuna anayetaka kuwa wa kwanza kulisema jambo hilo.

Aliyelisema mwanzo ni gari lenyewe. Ilikuwa mwezi wa Shaabani mwaka jana, saa mbili za asubuhi, nami nikimpeleka mavyaa kliniki ya kisukari. Tulipofika katikati ya daraja la Nyali, moshi mweupe ukafuka chini ya boneti, sindano ya joto ikapanda hadi mwisho, na injini ikazimika kimya. Nikamshusha mavyaa, mwanamke wa miaka themanini, akasimama ubavuni mwa daraja na kadi yake ya kliniki mkononi, upepo wa bahari ukilipiga buibui lake, malori yakipita karibu naye kiasi cha kuweza kuyagusa. Hakulalamika. Alivuta uradi wake mpaka tulipopata wa kutusaidia. Lakini mimi nilipomtazama pale, nilijua kwamba uvumilivu wetu kwa lile gari ulikuwa umegeuka kuwa uzembe kwake yeye.

Fundi wetu alilifungua jioni ile. Gasketi ya kichwa cha injini ilikuwa imeungua kwa mara ya pili. Akalilaza turubali chini, akaniita nikachungulia uvunguni. Sakafu upande wa dereva ilikuwa imeliwa na kutu kiasi ambacho bisibisi ilipenya bila kusukumwa. "Mama," akaniambia, "hili limekunywa chumvi ya bahari miaka ishirini. Injini naweza kuitengeneza. Mwili wake siwezi."

Usiku huo, baada ya sala ya isha, mume wangu aliniambia jambo ambalo nadhani alikuwa amelificha moyoni kwa miaka mingi. Alikuwa amestaafu miezi mitatu kabla, baada ya miaka ishirini na saba ya ukarani wa kutoa mizigo bandarini, na kiinua mgongo chake kilikuwa bado hakijaguswa. "Nataka Mark X," akasema. Alilisema huku akitazama kikombe chake cha chai, kama kijana anayeomba mke.

Kwa dada zangu wasiolijua gari hilo, nieleze kidogo. Toyota Mark X ni gari la milango minne, la chini, lenye injini ya silinda sita ya 2500 cc au zaidi, na nguvu zake husukuma magurudumu ya nyuma. Umbo la pili, ambalo ndilo linaloonekana zaidi mitaani kwetu, lilianza kuuzwa Japani mwaka 2009, na kiwanda kiliacha kulitengeneza kabisa mwaka 2019. Ndani ni zuri kama sebule. Nje lina sifa nyingine. Kenya nzima ukilitaja Mark X, watu hutaja mwendo, na baada ya mwendo hutaja ajali.

Nami nilikuwa na sababu yangu ya kuogopa sifa hiyo. Mtaani kwetu kuna mama ambaye kila Ijumaa hupita mbele ya nyumba yangu akienda kuzuru kaburi la mwanawe. Kijana huyo alikuwa na miaka ishirini na mbili. Aliazimwa gari la mwendo na rafiki yake, akaenda nalo barabara ya Malindi usiku, na hakurudi. Mwanangu mimi ana miaka kumi na tisa na leseni ya miezi minane. Basi mume wangu aliposema Mark X, mimi sikuliona gari. Nilimwona yule mama wa Ijumaa.

Nikamjibu kwa ukali kuliko alivyostahili. Nikamwambia kwamba mtu wa miaka hamsini na minane aliyekwenda Hija hashindani na vijana barabarani. Nikamwambia habari za israfu. Alinisikiliza mpaka nikamaliza, kisha akasema kwa upole: "Mke wangu, maisha yangu yote nimeendesha nilichokimudu, wala sijalalamika. Magari mazuri ya watu wengine ndiyo niliyoyapitishia karatasi zao miaka ishirini na saba. Mara moja tu nataka kuendesha nilichokipenda. Kama ni haramu, nionyeshe. Kama ni woga wako, tuuzungumze."

Sikuwa na jibu, kwa sababu kweli haikuwa haramu, na kweli ulikuwa woga wangu. Mavyaa, aliyekuwa kitandani chumba cha pili na tukidhani amelala, ndiye aliyetuamulia kupitia mlangoni: "Enyi watoto, tangu lini farasi akajipanda mwenyewe? Mwangalieni mpandaji."

Tukakubaliana masharti matatu. La kwanza, riba haitaingia. Twajua kwamba siku hizi zipo benki humu nchini zinazofuata sharia, ambazo kwa mapatano ya murabaha hulinunua gari zenyewe kwanza, kisha humuuzia mteja kwa bei iliyotajwa pamoja na faida, naye akalipa kidogo kidogo pasipo deni kuongezeka. Ni njia ya halali na wengi wa jirani zetu wameipitia. Lakini mume wangu, kwa kuwa mshahara umekwisha, hakutaka kuingia uzeeni na deni lolote. Basi tulikata kiasi, tukaapa kutokivuka. La pili, sehemu ya fedha hizo haitaguswa siku ya kununua, bali itawekwa kwa matengenezo ya miezi ya mwanzo, maana gari lililotumika huja na madeni yake kimya kimya. La tatu lilikuwa langu: hatutanunua gari ambalo mimi sijalitia mkono.

Hapo ndipo nilipoanza kusoma elimu nisiyoitarajia.

Kwanza nilijifunza kwa nini bei ziko kama zilivyo. Sheria ya Kenya hairuhusu kuingiza gari lililopita miaka minane, na lazima usukani uwe kulia. Kwa hiyo Mark X za mwisho mwisho zilizoweza kushuka bandarini wakati huo zilikuwa chache na ghali, nje kabisa ya uwezo wetu. Zilizobaki ni zile zilizokwisha kutumika hapa hapa, zikapita mikono miwili au mitatu ya Wakenya, na kila mkono umeacha alama yake. Kazi ya mnunuzi ni kuzisoma alama hizo.

Gari la kwanza tulilikuta katika yadi moja hapa mjini. Lilikuwa jeusi, liking'aa kama kijiwe cha pete, na dalali wake alikuwa na maneno matamu kuliko haluwa. Mita yake ilionyesha kilomita 74,000. Mume wangu alikwisha kuliingia moyoni kabla hajaliingia mwilini. Nilimwona akiupapasa usukani. Fundi wetu, tuliyekwenda naye, hakusema kitu. Aliniita tu, akanionyesha vitu kwa kidole kimoja kimoja.

Mpira wa pedali ya breki ulikuwa umelika hadi chuma kikaanza kuonekana. Gari la kilomita 74,000 halikanyagwi hivyo. Kiti cha dereva kilikuwa kimebonyea upande wa mlangoni. Kisha akatoa sumaku ndogo iliyofungwa kitambaa, akaipitisha mlangoni, ilishika. Akaipitisha juu ya bawa la nyuma, ikaanguka. Pale hapakuwa na bati chini ya rangi, palikuwa na udongo wa kuzibia. Akaniambia niuvute mkanda wa kiti mpaka mwisho wake. Nikauvuta, na kule chini kabisa, mahali ambapo mkono wa mwoshaji haufiki, kulikuwa na mstari wa matope makavu. Gari lile lilikuwa limewahi kukaa ndani ya maji.

Jambo la mwisho ndilo lililonitia baridi. "Mama, washa ufunguo bila kuwasha injini, utazame taa ya mifuko ya hewa." Nikawasha. Taa nyingine zote zikawaka nyekundu na manjano, kama ipasavyo. Taa ya mifuko ya hewa haikuwaka kabisa. Nikadhani ni heri. Fundi akatikisa kichwa. Taa hiyo ikiwa nzima huwaka kidogo kisha huzimika, ndiyo dalili kwamba mtambo umejikagua. Ikiwaka isizime, una kasoro. Isipowaka hata kidogo, huenda mtu ameiondoa makusudi ili mnunuzi asiione ikibaki imewaka. Maana yake ni kwamba yamkini mifuko ile ilikwisha kufumuka katika ajali na haikurejeshwa. Nikaona usukani ule aliokuwa akiupapasa mume wangu kuwa ni kifuniko kizuri cha shimo tupu, nami nikamwona mwanangu nyuma yake.

Tulipomuuliza dalali, alisema yeye huuza kama alivyolipata.

Wasomaji wapenzi, sote tumefunzwa tangu chuoni kisa cha Mtume wetu (s.a.w.) alipopita sokoni kwa muuza chakula, akautia mkono wake ndani ya lundo, na vidole vikatoka na unyevu. Muuzaji akajitetea kwamba ni mvua. Akaulizwa kwa nini basi hakukiweka kilicholowa juu, watu wakakiona. Kisa hicho nimekisomesha madrasa miaka na miaka, na kila mara nilikifikiria kwa upande wa muuzaji, kwamba asidanganye. Siku ile yadini, sumaku ikiwa mkononi mwa fundi, nilikifikiria kwa mara ya kwanza kwa upande wa ule mkono. Kutia mkono ndani ya lundo si kumdhania mtu vibaya. Ni haki ya mnunuzi, na ni rehema kwa muuzaji pia, kwa kuwa humzuia asile cha haramu.

Gari la pili halikuwa Mark X. Lilikuwa Subaru Legacy B4, la kijana mmoja mwenye adabu nyingi, ambaye alilipenda gari lake kwa mapenzi ya kweli. Injini za Subaru zina tabia yao. Pistoni hazisimami wima, zimelala chali kulia na kushoto, na nguvu huenda magurudumu yote manne, jambo ambalo hulifanya gari lishike barabara vizuri hata wakati wa mvua. Hilo lilikuwa na tabo pia, yaani turbo, kifaa kinachosukuma hewa ya ziada ndani ya injini ili ipate nguvu zaidi. Mume wangu alilisifu. Lakini bomba lake la moshi lilikuwa limebadilishwa ili lingurume, na kompyuta ya injini ilikuwa imechezewa ili iongeze kasi. Kijana hakuficha, alijivunia. Fundi alilizungukia mara mbili, akafungua kifuniko cha oili, akanusa, akamwuliza kijana amebadilisha oili mara ngapi mwaka ule. Kijana akafikiri sana, na kule kufikiri kukawa ndilo jibu.

Tulipotoka, fundi alitupa kanuni ambayo naiacha hapa kwa faida ya kila msomaji. "Gari la mwendo," alisema, "usiliulize limekimbia vipi. Yote yamekimbia. Liulize limepumzishwa vipi." Akaeleza kwamba injini yenye nguvu nyingi hutaka oili safi kwa wakati, maji safi ya kupozea, breki na tairi za daraja yake, na kwamba wengi humudu kulinunua lakini hushindwa kulitunza. Gari la kawaida likipuuzwa huchoka polepole. Gari la mwendo likipuuzwa huua.

Zikapita wiki tano. Ramadhani ikaingia tukipanda tuktuk, mavyaa akienda kliniki kwa teksi, na mume wangu hakutaja tena Mark X. Nilianza kumhurumia. Siku moja baada ya tarawehe, imamu wetu alimtajia habari za mwalimu mstaafu huko Kilifi, mwenye Mark X ya mwaka 2011, anayetaka kuliuza kwa sababu macho yake yamefifia. Tukaenda Jumamosi iliyofuata, sisi wawili, mwanangu na fundi.

Mzee alitupokea barazani. Gari lilikuwa chini ya mwembe, rangi ya fedha, limeoshwa lakini halikung'arishwa. Mume wangu aliponyosha mkono afungue mlango, mzee akamzuia kwa adabu. "Kabla hujaketi, nikuambie aibu zake."

Akakunjua daftari la shule. Akatuambia pampu ya maji ilivuja miaka miwili kabla, akaibadilisha, na risiti hii hapa. Akatuambia injini hula oili kidogo, kama nusu lita kabla ya tarehe ya kubadilisha, na kwamba kila mwezi huchomoa kijiti na kuipima. Bampa la mbele lilipakwa rangi upya, maana aliligonga kwenye mwembe ule ule wakati macho yalipoanza kumhadaa, na alipolitaja hilo alicheka kwa haya. Kipoza hewa hakipoi vizuri saa za mchana. Tairi mbili za nyuma zimezeeka, ijapokuwa nyuzi zake bado ziko juu. Hapo akainama akamwonyesha mwanangu tarakimu nne zilizopigwa ubavuni mwa tairi: mbili za mwanzo ni wiki, mbili za mwisho ni mwaka. Ilisomeka 2316. "Wiki ya ishirini na tatu ya mwaka 2016," akasema mzee. "Mpira huzeeka hata ukikaa. Usimwendeshe mama yako juu ya tairi hizi mwanangu, mwambie baba azibadilishe kwanza."

Fundi alikagua kwa saa nzima. Alilikuta gari baridi, jambo analolitaka siku zote, kwa kuwa injini iliyopashwa moto kabla ya mgeni kufika huficha mengi. Ikawaka mara moja, bila moshi wa buluu. Taa ya mifuko ya hewa iliwaka, ikahesabu sekunde chache, ikazimika. Sumaku ilishika kila mahali isipokuwa penye bampa, ambalo ni la plastiki tangu kiwandani. Hakukuta kasoro hata moja ambayo haikuwamo daftarini.

Kisha wakaniambia niliendeshe, kwa kuwa lilikuwa sharti langu.

Sasa, dada zangu, nitasema jambo ambalo sikulisema nyumbani kwa siku nyingi. Nilitoka Kilifi kuelekea kusini, mwanangu kando yangu, wanaume wawili nyuma. Gari lilikwenda kama linalotelezea juu ya hariri. Hakuna mlio, hakuna mtikisiko. Tulipofika kwenye mashamba ya mkonge ya Vipingo, barabara ikawa tupu, nami nikakanyaga kidogo tu kulipita lori. Sijui niseme vipi. Kitu kilinishika mgongoni kwa upole kikanisukuma, na moyo wangu ukacheka. Lori likabaki nyuma kama limesimama. Sikuondoa mguu. Nilitaka kuendelea kucheka.

Ni sauti ya mwanangu iliyonizindua. "Mama," alisema taratibu, "angalia mita." Sindano ilikuwa imepita 120. Na barabara hiyo ndiyo hiyo hiyo ya Malindi.

Nikapunguza, nikasimama kando, mikono ikitetemeka. Miezi miwili nzima nilikuwa nimemwogopea mwanangu, na kabla yake nilimshuku mume wangu, na huyu aliyevuka mpaka ni mimi, mwalimu wa madrasa mwenye miaka hamsini, katika muda wa dakika moja. Pale kando ya mkonge nilifahamu jambo. Corolla letu lilikuwa likitulinda kwa udhaifu wake. Likifika 90 lilitikisika, milango ikalia, upepo ukapiga kelele madirishani. Lilikuwa likitunasihi kwa lugha yake, nasi tukadhani kwamba sisi ni wapole. Upole ulikuwa wa gari. Hili jipya halitakunasihi. Kwalo 60 na 120 ni sauti moja. Anayelipanda hana budi kuwa na mnasihi ndani ya kifua chake, la sivyo hana mnasihi kabisa. Na maneno ya mavyaa kuhusu farasi na mpandaji yakanirudia.

Niliwaambia nilichokiona, mbele ya mwanangu, bila kujipamba. Kijana wangu alinyamaza, kisha akasema, "Mimi pia ningeendelea, mama. Niliona mita mapema. Nilichelewa kusema kwa sababu ilikuwa tamu." Sidhani kwamba mawaidha yangu ya miaka yote yangepata kunipa ukweli huo kutoka kinywani mwake.

Tulilinunua. Mzee alitaka milioni moja na laki moja na nusu, tukapatana milioni moja na elfu themanini, nasi hatukushindana naye sana, kwa kuwa mtu aliyekuonyesha kilicholowa hustahili bei ya kilicho kikavu. Kabla ya kutoa fedha tulipata kumbukumbu za gari kutoka NTSA, tukahakikisha kwamba jina ni lake na hakuna benki yenye madai juu yake. Uhamisho ulifanywa siku hiyo hiyo, muuzaji akiuanzisha na mnunuzi akiukubali, kila mmoja kwa simu yake. Nawasihi wasomaji wasilipuuze hili. Wako wengi waliolipa kwa kuaminiana tu, wakaishia kuendesha gari la mtu mwingine.

Likabaki la kuliuza Corolla. Na hapa ndipo mtihani ulipotugeukia sisi.

Alikuja mnunuzi, kijana anayeanza biashara ya kuchukua abiria, akalipenda, akataja 250,000. Fundi alikuwa amekwisha kuitengeneza gasketi. Sakafu ilikuwa imefunikwa zulia jipya ambalo mume wangu alilinunua wiki ile; kwa usafi, alisema. Kijana alizunguka, akapiga tairi mateke, akaridhika. Hakuinama. Nilimtazama mume wangu, na mume wangu alinitazama mimi. Hatukusema neno, lakini miaka ishirini na tano ya ndoa husema yenyewe. Fedha zile tulikuwa tumekwisha kuzipangia tairi nne na bima.

Mume wangu akavuta pumzi. Akafungua mlango wa dereva, akalifunua zulia kwa mkono wake mwenyewe. "Kabla hujaketi," akaanza, na sauti ikamkwama kidogo. Akamwonyesha kutu. Akamtajia gasketi, kwamba imeungua mara mbili. Akamtajia gia ya nyuma inayogoma asubuhi. Alipodhani amemaliza, mwanangu akasema kutoka nyuma, "Na taa ya kushoto ya nyuma, baba, huingia maji mvua ikinyesha. Hiyo umeisahau." Sote tukacheka, hata mnunuzi. Alilichukua kwa 210,000, akasema atalichomelea sakafu kabla ya kumpakia mtu yeyote. Elfu arubaini zilikwenda. Lakini nilimwona mwanangu akimtazama babake, na mtazamo ule sijui ungeuzwa kiasi gani.

Sasa ni mwaka umekaribia. Tairi za nyuma zilibadilishwa kabla mavyaa hajapanda. Petroli limetufunza adabu: Corolla lilitupa kilomita kumi na tatu kwa lita moja, na hili mjini hutupa saba au nane, basi safari za dukani zimerudi kuwa za miguu, na kiuno changu kimeshukuru. Sheria za nyumbani ni chache. Mikanda hufungwa mbele na nyuma, hata na mavyaa, anayeufunga juu ya buibui huku akinung'unika. Mjini hatuvuki 50. Anayeketi kando ya dereva, awe mkubwa au mdogo, ana haki na wajibu wa kusema "mita", na dereva hupunguza bila kujibizana. Binti yangu wa miaka kumi na mmoja ameshanisema mara mbili. Na mwanangu huendesha mchana, akiwa na mmoja wetu kando yake, mpaka atimize miaka miwili ya leseni. Sharti hilo alilipendekeza mwenyewe.

Mume wangu, alfajiri za Ijumaa, hulichomoa gari polepole akalipeleka mpaka kandokando ya bahari, akasimama akatazama meli zinavyoingia bandarini. Hakimbii nalo. Niliwahi kumwuliza basi alilitakia nini. Akaniambia, "Kulijua tu kwamba laweza."

Ijumaa iliyopita nilimwona yule mama akipita kwenda makaburini, jua likiwa kali. Nikamwomba apande. Nilimpeleka polepole, naye njiani hakusema kitu kuhusu gari. Aliposhuka alipiga paa mara mbili kwa kiganja, kama mtu anayempapasa mnyama, akasema, "Mungu awahifadhi walio ndani yake."

Amin. Na kila msomaji aliye njiani leo, Mwenyezi Mungu amfikishe salama kwa watu wake.

Wassalaam.